Mshairi aua kwa shoka, kisha ashangaa kukasirikiwa: washairi wa Wagaeli walikuwa machawa au nini?

#1 Kalamu Butu
Shoka ndilo lililonileta hapa, wakuu. Juzi usingizi uliniruka nikawa nasoma habari za Wagaeli, wenyeji wa Ayalandi na Uskoti ya zamani, nikakutana na kisa ambacho mpaka leo kinanizunguka kichwani.

Mwaka 1213 mtemi Domhnall Mór Ó Domhnaill wa Tír Conaill, kaskazini-magharibi, alimtuma msimamizi wake Fionn Ó Brolcháin kukusanya ushuru upande wa Sligo. Jamaa akafika Lissadell, nyumbani kwa mshairi Muireadhach Ó Dálaigh. Wakatupiana maneno. Mshairi akachukua shoka lenye makali akamtandika nalo, mtu akafa. Kisha mshairi akakimbilia kwa Richard de Burgh, bwana wa ukoo wa Kinormani, wale wageni waliovamia kutoka Uingereza.

Hapo sijashangaa, watu huuana. Kilichonishangaza ni shairi alilotunga akiwa mafichoni. Anasema, kwa maneno yangu mimi: ugomvi wangu na huyu bwana ni mdogo mno, mtwana kanitukana, nami nikamuua huyo mtwana, ee Mungu, hiyo nayo ni sababu ya uadui?

Sasa niambieni, hawa walikuwa watu wa namna gani? Kazi yao ilikuwa kusifu mabwana, malipo yao ng'ombe na farasi na mashamba. Mimi nasema ni machawa waliosoma. Nipingeni.

#2 Mkata Miwa
"Hiyo nayo ni sababu ya uadui?" Nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananiangalia. Nakaa hapa kwenye kigoda, leteni nondo.

#3 Wakili wa Kijiji
Mtoa mada umeanza na hukumu kabla ya ushahidi. Chawa hana bei kisheria. Hawa walikuwa nayo.

Sheria za Kigaeli zilizoandikwa karne ya 7 na ya 8 ziliwapanga washairi, waliowaita *filí*, katika ngazi saba. Wa juu kabisa ni *ollamh*. Kila mtu huru alikuwa na thamani ya heshima yake, yaani kiasi anacholipwa akivunjiwa heshima. Thamani ya ollamh ililingana na ya mtemi wa nchi ndogo. Soma tena: ililingana na ya mtemi. Na hakuishia kijijini kwake kama watu wengine. Alivuka mipaka ya watemi na heshima yake ikavuka naye.

Kwa hiyo ukimtazama Muireadhach kwa macho yake mwenyewe, mkusanya ushuru amemtukana mtu wa cheo cha bwana wake. Ndiyo maana anashangaa. Ni kiburi cha tabaka tu, uchawa haupo hapo.

#4 Chumvi ya Mawe
Mkuu #3 nusu nakubali, nusu nakurudishia. Heshima ikivunjwa ulipwe fidia, sawa. Sheria ipi ilikupa ruhusa ya kupasua mtu na shoka? Fidia ya damu ilikuwapo kwa aliyeua pia. Angekuwa na haki asingekimbia.

Halafu huyu si alikuwa Mskoti? Jina lake kamili naona ni Muireadhach Albanach, na Alba ni Uskoti. Mskoti Ayalandi alitafuta nini?

#5 Jirani wa Dublin
#4, hapana. Ni mtoto wa Ayalandi. Ukoo wa Ó Dálaigh ulitoa washairi kwa karne nyingi. "Albanach" alibandikwa baada ya kuishi Uskoti, kama sisi tunavyomwita mtu "Mzanzibari" karudi bara na kofia yake.

Na safari yake mtoa mada umeikatisha. Ó Domhnaill alimfuata kwa de Burgh na jeshi. De Burgh akamsogeza mshairi kusini, Thomond. Akafuatwa. Limerick, akafuatwa. Dublin, nako wakamtoa. Ndipo akavuka bahari hadi Uskoti, akawa anawatungia mabwana wa Lennox. Tarihi za Ayalandi zinasema akiwa huko alitunga mashairi matatu ya kumsifu Ó Domhnaill kuomba amani, akasamehewa, tena akapewa mali na ardhi.

Lissadell nimefika, mwaka juzi siku ya mapumziko. Leo kuna jumba kubwa la mawe la juzijuzi tu, ghuba mbele, upepo wa kukung'oa kilemba. Nilimuuliza mzee mmoja pale habari za shoka, akanijibu kwa kuniuliza kama nimekuja kwa ajili ya chaza.

#6 Kalamu Butu
Asante jirani. Ila umenipa mpira golini. Kaua, kasamehewa kwa mashairi matatu ya sifa. Ikiwa huo si uchawa, basi neno hilo tulifute.

#7 Mama Vibwengo
Nyie wanaume mmeshika shoka tu. Huyohuyo Muireadhach ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa mojawapo ya maombolezo mazuri kuliko yote ya Kigaeli, kwa mkewe Maol Mheadha. Linaanza kwa kusema roho yangu iliachana nami jana usiku. Anasema waliishi pamoja miaka ishirini, akamzalia watoto kumi na mmoja, na sasa kabaki nusu mtu, maana nusu ya mwili wake ndiyo iliyozikwa. Hakuna ng'ombe aliyelipwa kwa shairi lile.

Mtu mmoja anaweza kuwa na mkono wa shoka na kifua cha namna hiyo. Mimi hilo linanitosha kutomwita chawa.

#8 Mpiga Chapa
Dada Mama Vibwengo umenigusa, ila naongeza kuni upande wa mtoa mada.

Gofraidh Fionn Ó Dálaigh, aliyefariki 1387, wa ukoo uleule, aliitoa siri yote hadharani. Alikuwa anamtungia Gerald, bwana wa Desmond, mtu wa damu ya Kinormani. Akasema humo: katika mashairi tunayowatungia wageni tunaahidi Wagaeli watafukuzwa Ayalandi, katika mashairi tunayowatungia Wagaeli tunaahidi wageni watasukumwa mashariki, ng'ambo ya bahari.

Yaani anakiri kabisa! Upepo ukivuma huku tanga huku, ukigeuka nalo linageuka.

#9 Ngarawa Kuukuu
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu Mpiga Chapa, hapo mimi nasoma kinyume chako. Mtu mwenye kuficha jambo hamwambii mteja wake usoni. Alisema kwa sababu kila mtu alijua ni ada ya ushairi, kama bwana harusi anavyoitwa simba hata akiwa na miguu ya kuku. Asiyejua ada ndiye anayeona uongo.

Tena huyo Gerald, Gearóid Iarla kwa lugha yao, ni kichekesho cha peke yake. Mwaka 1366 Waingereza walipitisha sheria za Kilkenny wakawakataza watu wao kuwakaribisha washairi, wasimulizi na wapiga vinubi wa Kigaeli, kwa hofu ya ujasusi. Mwaka uliofuata, 1367, nani kawekwa kuwa mwakilishi mkuu wa mfalme nchini? Gearóid, ambaye mwenyewe alitunga mashairi kwa Kigaeli! Mwaka 1370 mtemi wa Kigaeli, Ó Briain, akamshinda vitani akamteka, na kifungoni yumo tu anatunga. Hapo chawa ni nani na bwana ni nani?

#10 Mkata Miwa
Kwa hiyo mlinzi wa sheria alikuwa anaivunja kwa vina. Huyu nampa kura yangu.

#11 Fundi Saa
Nami nikiri basi, kwa kuwa Gofraidh Fionn kakiri. Kuna mwaka niliagizwa kazini shairi la kumuaga mkuu wetu. Nikatunga beti kumi na mbili: baba, mlezi, mbuyu wenye kivuli. Miezi mitatu baadaye nikaagizwa la kumkaribisha aliyechukua nafasi yake, ambaye ndiye aliyemchimba. Nilibadilisha jina na vina viwili. Mbuyu niliuacha palepale. Watu wakapiga makofi, na wote walikuwapo mara ya kwanza.

Kwa hiyo namuunga mkono Ngarawa: hakuna aliyedanganywa. Malipo yalikuwa soda na wali.

#12 Chumvi ya Mawe
Fundi Saa, wewe ni chawa mwenye cheti.

#13 Bwege Mtozeni
Wote mnakwepa jambo kubwa: HOFU. Mabwana hawakulipa kwa ajili ya sifa. Walilipa wasikashifiwe. Shairi la tashtiti liliaminika kumtoa mtu malengelenge usoni. Kuna hadithi ya kale ya mshairi Néide aliyemtungia apizo Caier, mfalme wa Connacht aliyekuwa ami yake, akaamka na vipele vitatu usoni. Na mfalme mwenye kilema hakai kitini.

Mnadhani ni ngano tu? Haya, nendeni 1414. John Stanley, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza, aliwapora washairi, ng'ombe za Niall Ó hUiginn zikaenda. Ó hUiginn akamtungia mashairi ya kumwapiza. Tarihi za Connacht zinasema Stanley hakuishi zaidi ya wiki tano baada ya hapo. Tena zinasema ni muujiza wa pili wa mshairi huyo. Mara ya kwanza waliompora waliota mvi usiku mmoja.

#14 Wakili wa Kijiji
Mkuu #13, tarihi hizo ziliandikwa na watu wa tabaka hilohilo la wasomi. Ungekuwa wewe mwandishi, adui wa washairi akafa, ungeandika alikufa kwa homa?

#15 Bwege Mtozeni
Wakili, sijasema walengelenge walitoka. Nimesema watu waliamini. Anayeamini ndiye anayelipa.

#16 Mkata Miwa
"Walengelenge"? Mkuu, ni kabila la wapi hilo? 😂

#17 Mwana wa Pangani
Mwacheni Bwege, vidole vimeteleza. Hoja yake mimi naijua nyumbani. Mjomba wangu alimwahidi malenga mmoja mbuzi kwa kumsifu kwenye harusi ya mwanawe. Malenga akamsifu mpaka ukoo wote ukalia. Mbuzi hakwenda. Harusi iliyofuata, ya watu wengine kabisa, malenga yuleyule akaimba beti mbili tu za mbuzi aliyepotea njiani, mkia anao, miguu anayo, nyumba ya mwenyewe haijui. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Mjomba mpaka leo anaitwa Mbuzi Njiani, na watoto wake ni Wana-Mbuzi. Alipeleka mbuzi wawili baadaye. Haikusaidia.

#18 Mpiga Chapa
Hofu ilikuwa ya pande mbili lakini. Tadhg Dall Ó hUiginn, mshairi wa Sligo karne ya 16, alitembelewa na wanaume sita wakala chakula chake bila kualikwa. Akawatungia shairi la kuwakejeli: njaa yao, matambara yao, silaha zao za aibu. Wakarudi wakamkata ulimi akafa. Sasa nguvu ya tashtiti iko wapi?

#19 Jirani wa Dublin
Mpiga Chapa, ulimi ni masimulizi ya watu. Kilichomo kwenye maandishi ya serikali ni uchunguzi uliofanyika Sligo 1617, unaotaja watu wa ukoo wa Ó hEadhra waliohukumiwa kwa kumuua yeye, mkewe na mtoto, mwaka 1591. Ulimi haumo humo. Mauaji yamo, na ni mabaya zaidi ya masimulizi.

Na kwa hoja yako: watu hawaui familia nzima kwa maneno yasiyouma.

#20 Kalamu Butu
Uzi umekuwa mzito ghafla. Pole zake. Naomba wajuzi wa vina waingie: hayo mashairi yenyewe yalikuwaje? Au ni maneno tu ya kujaza karatasi?

#21 Ngarawa Kuukuu
Hapo sasa umeniita. Mtindo wao mkali unaitwa *dán díreach*, utungo ulionyooka. Ubeti mishororo minne, na katika bahari nyingi kila mshororo mizani saba. Ndani ya mshororo lazima sauti za mwanzo wa maneno zifanane. Na vina, ndugu yangu, vina ndiyo balaa. Waligawa konsonanti katika makundi: p, t na k kundi moja, b, d na g kundi jingine, na kadhalika. Irabu zikilingana, konsonanti za kundi moja zinahesabiwa kina. Kwa sikio lao "kata" na "kapa" na "kaka" zimeshatosheka. Kwa sikio langu la Mombasa hiyo ni guni, ningemrudishia mwenyewe. Lakini ukiangalia idadi ya masharti mengine, ni haki yao kupumulia hapo.

Halafu kuna kufunga: shairi lazima liishe kwa neno au sauti iliyolianza. Wanaita *dúnadh*. Lisipofungwa hivyo halijakamilika.

Lugha ilikuwa moja sanifu, Ayalandi na Uskoti yote, tangu karibu 1200 hadi katikati ya karne ya 17. Mtu wa Kerry na mtu wa visiwa vya Uskoti walisomana ijapokuwa nyumbani kila mmoja anasema vyake.

#22 Mama Vibwengo
Na shuleni walikuwa wanatungia gizani! Maelezo yaliyochapwa 1722 yanasema wanafunzi walipewa mada, kila mmoja akalala kitandani chumbani kusiko na dirisha, akatunga kichwani siku nzima. Usiku ndipo mishumaa inaletwa wanaandika. Na Martin Martin, mtu wa kisiwa cha Skye, aliandika 1703 kwamba washairi walijifungia siku nzima, nguo wamejifunika kichwani, jiwe limewekwa tumboni.

#23 Fundi Saa
Mimi umeme ukikatika ndipo mashairi huja. Kumbe ni ollamh na sijitambui.

#24 Chumvi ya Mawe
Wewe weka jiwe tumboni kwanza, wali wa kuaga wakubwa ushuke.

#25 Mkulima Msomi
Samahani nachelewa. Naona mnazungumza sifa na kashfa tu, wakati kazi nzito ya watu hawa ilikuwa HISTORIA.

Gilla Cóemáin, karne ya 11, ana shairi refu linalowapanga wafalme wa Ayalandi mmoja mmoja. Wakati huohuo, mwishoni mwa karne hiyo, kukatungwa *Duan Albanach*, beti 27 za wafalme wa Uskoti. Seán Mór Ó Dubhagáin, aliyefariki 1372, akaizunguka nchi kwa ushairi, kila jimbo akitaja koo zake kubwa. Sehemu ya kusini akaimalizia Giolla na Naomh Ó hUidhrín, aliyefariki 1420.

Kwa nini kwa vina? Kwa sababu mizani ni kufuli. Ukitoa jina la mfalme mmoja, mshororo unalegea na kila msikilizaji anajua kuna jino limeng'olewa. Nathari unaweza kuichomeka lolote.

#26 Wakili wa Kijiji
Kufuli nzuri, ila aliyefunga ndiye mwenye ufunguo. Msumari wa kwanza ukipigwa vibaya, vina vinautunza ubaya huohuo miaka mia tano. Nasaba zote kubwa zilivutwa hadi kwa Míl wa Hispania na wanawe, na kutoka hapo hadi kwa Nuhu. Hiyo ni historia?

Tazama hata Ó Dubhagáin uliyemtaja. Anazunguka Ayalandi kana kwamba Wanormani hawajafika, na wameshakaa miaka mia mbili! Anataja wenye nchi kama walivyokuwa zamani. Hiyo kwangu ni hati ya madai ya shamba, imeandikwa kwa mizani saba. Na 1249, Alexander wa Tatu, mfalme wa Uskoti, alipotawazwa Scone akiwa mtoto wa miaka saba, alisimama mzee wa Kigaeli akamkariria nasaba yake baba kwa babu. Cheti cha kuzaliwa hicho, kinasomwa mbele ya mashahidi.

#27 Mkulima Msomi
Wakili, hati ya madai nayo ni kumbukumbu. Bila Ó Dubhagáin majina ya koo kadhaa zilizofukuzwa tungeyatoa wapi?

#28 Mpiga Chapa
Mbona Tadhg Dall alisema kinyume kabisa? Akimtungia bwana wa ukoo wa Burke, yaani de Burgh walewale, alidai Ayalandi ni ardhi ya upanga, hakuna mwenye hati isipokuwa nguvu. Hata wana wa Míl waliichukua kwa vita. Historia ileile, hitimisho la kumfaa mgeni. Narudi kwa mtoa mada: chawa, ila wa daraja la kwanza.

#29 Jirani wa Dublin
Kichekesho cha mwisho ni ule ugomvi wa 1616. Watemi wakubwa wa kaskazini wameshapanda meli 1607 wakaenda zao Ulaya, ardhi inagawiwa walowezi. Ndipo Tadhg mac Dáire Mac Bruaideadha wa kusini na Lughaidh Ó Cléirigh wa kaskazini wakaanza kujibizana kwa mashairi: kati ya wana wa Míl, Éber na Éremon, yupi uzao wake ni bora? Wengine wakaingia, mashairi yakafika kama thelathini. Mwenzao mmoja akawacheka kwa ubeti: mbwa wenye elimu kubwa wanagombania tandiko tupu.

#30 Mkata Miwa
Kurasa mbili za uzi huu mbona ndivyo zilivyo.

#31 Ngarawa Kuukuu
Msicheke sana malumbano. Huku kwetu, Mombasa na Lamu walijibizana mashairi wakati wa vita vya Shela, na Muyaka alimrushia Zanzibar maneno makali kwa niaba ya Mazrui. Akiwa wetu twamwita shujaa. Akiwa wa Ó Domhnaill...

#32 Kalamu Butu
Ngarawa umeniweka pabaya, maana Muyaka nampenda. Siondoi neno chawa, nalipunguza sauti tu.

#33 Mama Vibwengo
Jambo moja kabla hamjalala. Kuna aliyetunga bila bwana wa kumlipa: Aithbhreac inghean Coirceadail, karibu 1470, mke wa mlinzi wa ngome ya Sween huko Uskoti. Mume kafa. Anaishika rozari ya marehemu anazungumza nayo kwa shairi. Mama huyo hatumjui kwa jambo lingine lolote ila shairi hilo, lililonakiliwa na watawa... samahani, na mkuu wa kanisa la Lismore na nduguye, kati ya 1512 na 1542.

#34 Jirani wa Dublin
Na wa shoka je, mnajua alikoishia? Uzao wake ni MacMhuirich, washairi wa mabwana wa Visiwa vya Uskoti, baadaye wa ukoo wa Clanranald. Mwaka 1800 alihojiwa Lachlann Mac Mhuirich, mtu wa kisiwa cha South Uist, akajitaja kizazi cha kumi na nane tangu Muireadhach. Hakujua kusoma wala kuandika. Ukoo ulikuwa na shamba kwa sharti la kutunza elimu, shamba likaondoka. Akasema ngozi zilizoandikwa aliziona zikikatwa vipande, mafundi cherehani wakazitumia kupimia nguo.

#35 Fundi Saa
Kupimia nguo. Duh.

#36 Ngarawa Kuukuu
Kalamu Butu, usiku umekwenda. Ulianza na neno gani vile? Funga shairi lako kwa kanuni.

#37 Kalamu Butu
Nashukuru wote. Mnaokuja mkiwa na hoja njooni nazo mikono mitupu, mlangoni muache shoka.

#38 Kitunguu Maji
Ndio naingia. Samahani wakuu, huyo mkusanya ushuru alimwambia mshairi neno gani hasa?